Robo Saa Kutoka Migori Hadi Homa Bay

Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kuandika saa. Kampuni moja iliyokuwa ikitafuta madini upande wa Nyatike ilikodi ndege ndogo ya injini moja, na ndege hiyo ilitua Migori kila Jumanne na Ijumaa asubuhi ikitoka Nairobi. Ilishusha wataalamu wa mawe, ikapakia masanduku yao ya udongo, kisha ikaruka kwenda Homa Bay kuwachukua wenzao waliokuwa wakifanya kazi karibu na ziwa, na kutoka huko ikarudi Nairobi. Mimi nilikaa pale uwanjani na daftari kubwa la jalada jekundu. Niliandika saa ya kutua, saa ya kuruka, abiria wangapi, masanduku mangapi.

Upande wa Homa Bay kulikuwa na mzee aliyeajiriwa na kampuni ileile kufanya kazi kama yangu, kwenye uwanja mdogo wa udongo mwekundu wa murram nje ya mji. Ndege ilipoondoka kwangu nilimpigia simu. "Mzee, imeruka," nilimwambia, ili mbuzi na ng'ombe wafukuzwe uwanjani. Ikitua, alinipigia yeye. "Nyar Kuria, imetua." Alikuwa ameambiwa mimi ni Mkuria, na tangu siku ya kwanza aliniita hivyo, binti wa Wakuria. Nami nikaandika saa aliyonitajia kwenye safu ya mwisho. Hatukuwa tumewahi kuonana. Nilimjua kwa sauti tu, sauti nzito yenye Kijaluo ndani yake, na kikohozi kidogo kabla ya kila sentensi.

Lazima niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nilizaliwa karibu na Isebania, mji wa mpakani, nyumba yetu ikitazama barabara ya malori, na tangu utotoni nilizoea kuona gunia la mahindi likivuka mpaka na kitu kingine ndani ya mahindi. Mama yangu aliuza nguo pale sokoni, na noti yoyote aliyopewa aliiinua juani kabla ya kusema asante. Kabla ya kazi hii nilikuwa karani wa shule, na huko nako nilijifunza kwamba barua ya ugonjwa inaweza kuandikwa na mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo ile Ijumaa ya kwanza nilipoona namba mbili zisizopatana, sikuweza kugeuza ukurasa.

Ndege ilikuwa imeruka saa tatu na dakika kumi. Mzee alinipigia saa tatu na dakika hamsini na mbili.

"Nyar Kuria, imetua."

"Mbona imekawia hivyo, mzee?"

Akakohoa. "Hiyo ndiyo saa ninayoona hapa."

Nikaandika. Ijumaa iliyofuata ilichukua dakika thelathini na tisa. Ijumaa ya tatu, arobaini na nne. Jumanne karibu zote zilikuwa robo saa, dakika moja zaidi au moja pungufu. Niliporudi nyuma kwenye daftari niliona kwamba jambo hili lilikuwa limeanza miezi miwili kabla, nami nilikuwa nikiliandika kila wiki bila kuliona.

Rubani alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hata kwenye mikono. Sote tulimwita Kapteni. Alikuwa akinisalimia kwa kunishika mkono, jambo ambalo wataalamu wa mawe hawakulifanya. Nilimuuliza nikiwa natabasamu, kama mtu anayepiga soga.

"Kapteni, Ijumaa mnapitia wapi?"

"Kivipi, mama?"

"Mnachelewa kufika Homa Bay."

Alitazama angani, kisha akanitazama mimi. "Labda upepo wa ziwa," alisema. "Sijaona tofauti kubwa."

Upepo unaovuma Ijumaa na kupumzika Jumanne. Nilimtazama akipanda ngazi ya ndege, nikatazama masanduku manne ya chuma yaliyofungwa kwa waya na lakiri nyekundu, na mawazo yangu yakaenda moja kwa moja Macalder.

Kila mtu Migori ana ndugu au jirani aliyewahi kushuka kwenye shimo la dhahabu. Binamu wa mume wangu amechimba huko Macalder mpaka magoti yakaharibika. Tunajua jinsi dhahabu ilivyo ndogo na inavyoweza kujificha: kwenye kola, kwenye kopo la unga, ndani ya mkate. Masanduku yale tuliambiwa ni udongo wa kupimwa. Lakini ndege yenye dakika ishirini na tano zisizojulikana ziliko inaweza kutua mahali popote penye nyasi fupi, na Tanzania iko pale, unaiona ukisimama kwenye kilima.

Nyumbani sisi huongea Kiswahili. Mume wangu ni Mjaluo na mimi Mkuria, na tulipooana hakuna aliyekubali kushindwa, basi tukakutana hapo katikati. Yeye ni mwalimu wa jiografia. Jioni moja baada ya chakula nilimwomba anionyeshe kutoka Migori hadi Homa Bay ni umbali gani kwa ndege.

"Kwa barabara au kwa ndege?"

"Kwa ndege. Moja kwa moja."

Alifurahi, kwa sababu si kawaida yangu kumuuliza mambo ya kazi yake. Alitandaza ramani mezani, akaweka rula. "Unaona, barabara inazunguka. Inapanda Awendo, inafika Rongo, halafu ndiyo inakata kushoto kwenda Homa Bay. Ndege haina haja na Rongo. Inaenda kaskazini tu, imenyooka." Akapiga hesabu pembeni mwa gazeti. "Kilomita hamsini na kitu. Kwa ndege yenu ndogo ni robo saa, ukiweka na kupanda na kushuka. Kwa nini?"

"Nataka tu kujua."

Hapo nilikosea. Ningemwambia yote usiku uleule, lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba jambo hili ni hatari na kadiri watu wanaolijua wanavyokuwa wachache ndivyo bora. Nilinunua kijitabu kidogo dukani, nikaanza kunakili Ijumaa zote: siku, saa ya kuruka, saa ya kutua, masanduku. Sikuandika jina wala neno lolote. Nilikiweka kwenye mkoba wangu, ndani ya mfuko wa Biblia, kwa sababu mume wangu hukaa benchi lingine kanisani Sabato na hana shughuli na mfuko huo.

Alikipata. Alikuwa akitafuta kalamu.

Nilimkuta ameketi sebuleni, kijitabu kimefunguliwa gotini. Televisheni ilikuwa imezimwa, na hiyo ilinitosha kujua kuna jambo.

"Hizi ni saa za nani?" aliuliza.

"Za ndege."

"Ndege ina daftari kubwa jekundu. Nimeliona. Hiki ni nini?"

"Nakala."

"Ijumaa tu." Alifungua kurasa polepole. "Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa. Saa ya kuondoka, saa ya kufika. Na Jumanne hazimo? Juzi umeniuliza ni dakika ngapi mpaka Homa Bay. Na likizo nilipokuja uwanjani Ijumaa simu yako ililia, mwanamume akakuita nyar Kuria, na wewe ukacheka."

"Huyo ni mzee wa Homa Bay. Umri wake ni kama wa baba yangu."

"Umewahi kumwona?"

Sikuwa nimewahi kumwona. Nilisema hivyo, na niliposema nilisikia jinsi linavyosikika. Basi nikamweleza yote: dakika, masanduku, Kapteni na upepo wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakifunga kile kijitabu, akanirudishia, na kusema, "Sawa." Nimeolewa naye miaka kumi na minane, najua "sawa" zake zote. Ile ilikuwa ya mtu anayeahirisha.

Kwa muda wa wiki mbili tuliishi hivyo. Simu yangu ikilia aligeuza kichwa. Mimi nami nikaanza kumshuku kwa kunishuku, nikajiuliza kama mtu asiye na lake anaweza kufikiria haraka hivyo mabaya ya mwenzake. Nilitazama simu yake mara moja alipokuwa bafuni. Sikukuta kitu isipokuwa ujumbe wa walimu wakibishana kuhusu zamu ya mitihani. Niliirudisha mahali pake nikiwa na aibu, lakini sikumwambia.

Ijumaa moja ilipofika dakika arobaini na sita nilimpigia bosi wetu aliyekuwa ofisi ya Kisumu. Sikutaja dhahabu. Nilisema tu kwamba saa hazipatani na kwamba nina nakala. Nilisikia akifunga mlango wa ofisi.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Mume wangu tu."

"Basi isizidi hapo."

Jumanne iliyofuata alikuja mwenyewe kwa gari, akiwa na watu wawili nisiowajua. Ndege ilipotua walimwomba Kapteni asimame kando. Walikata lakiri zote. Walifungua masanduku pale pale kwenye murram, wakatoa mifuko ya plastiki iliyoandikwa namba, mmoja baada ya mwingine, wakaipasua na kumwaga. Udongo mwekundu. Udongo wa kijivu. Mawe kama yale ya kujengea. Mtaalamu mmoja kijana, ambaye alikuwa ameukusanya udongo ule kwa wiki nzima juani, alikaa chini akashika kichwa. Walipekua begi la Kapteni. Waliinua viti vya ndege. Walitazama hata ndani ya viatu vyake, naye alisimama kwenye nyasi na soksi zake, shati jeupe, akitazama mbali.

Hawakupata chochote. Lakini bosi alikuwa na madaftari mawili, la Migori na la Homa Bay, yakisema jambo moja, na kitabu cha rubani kikisema lingine. Kitabu cha rubani kiliandikwa robo saa, kila Ijumaa, bila kukosa. Bosi aliona kwamba mtu anayeandika robo saa kila mara ndiye anayeficha kitu. Mimi nami niliona hivyo. Kapteni alisimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe.

Kabla ya kupanda gari la bosi alikuja mezani kwangu. Nilifikiri atanitukana.

"Mama, umeandika vizuri," alisema. "Mwandiko safi. Lakini wewe unajua ninavyoondoka tu. Umewahi kusimama upande ule mwingine ukaniona nikifika?"

Moyoni nilisema huyu ni mjanja, anataka kunitikisa.

Ijumaa iliyofuata ndege iliendeshwa na rubani mgeni, mtu ambaye hakuwa amewahi kufika kwetu. Iliruka saa tatu kamili. Nilikaa na saa yangu mbele yangu. Simu ililia saa tatu na dakika arobaini na moja.

"Nyar Kuria, imetua."

Nilishika kalamu bila kuandika. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba rubani mgeni naye ameingizwa kwenye mpango, kwamba hawa watu ni mtandao. Nilikuwa nimeshafika mahali ambapo kila kitu kinaingia kwenye hadithi yangu. Nilimweleza mume wangu jioni, nikitarajia "sawa" nyingine, lakini safari hii aliweka chini vitabu alivyokuwa akisahihisha.

"Umebadilisha rubani na jibu limebaki lilelile," alisema. "Basi kosa haliko kwa rubani."

"Liko kwa nani?"

"Limebaki nani?"

Mzee. Nilishangaa kwamba sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Labda kwa ajili ya ile sauti, au kwa sababu aliniita binti. Usiku ule nilijenga kesi mpya kutoka mwanzo: mzee ndiye mwenye siri, ndege inatua mapema, watu wake wanaichambua taratibu, kisha ndiyo ananipigia. Mume wangu alinisikiliza nikiongea peke yangu jikoni.

"Nataka kwenda Homa Bay Ijumaa," nilimwambia.

"Tutaenda wote," alisema haraka. Nilijua ni kwa nini. Yeye pia alikuwa na jambo la kuhakikisha kuhusu huyo mzee.

Aliomba ruhusa shuleni. Mimi nilimwachia daftari askari wa uwanja, mwanamke makini, nikamwomba anitumie ujumbe mara tu ndege itakapoinuka, na asimpigie mzee, ningempigia mwenyewe ili asijue kwamba sipo Migori. Tulipanda gari la jirani, Probox, saa kumi na mbili asubuhi. Njia yote, kupita mashamba ya miwa ya Awendo, kupita Rongo na kukata kushoto, hatukuongea zaidi ya mambo ya barabara. Pale Rodi Kopany mume wangu alinunua ndizi, akanipa moja. Nilijiuliza kama amenipa kwa mapenzi au ni desturi tu. Ndivyo nilivyokuwa siku hizo.

Uwanja wa Homa Bay ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Kibanda kimoja cha mabati, meza ndani, kiti. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Ng'ombe watano walikuwa wakila katikati ya njia ya ndege. Kando ya ua wa seng'enge alikaa mama mmoja akichoma mahindi, na tulipomsalimu alisema mzee atarudi sasa hivi. Hatukujitambulisha. Tukasimama kando ya jiko lake kama wateja.

Saa tatu na dakika sita ujumbe uliingia: imeruka. Nilisogea kando nikampigia mzee na kumwambia, kama kawaida. Mume wangu alifungua saa ya kuhesabu kwenye simu yake. Baada ya dakika chache yule mama aliinuka, akachukua fimbo, akawafukuza ng'ombe hadi ng'ambo, bila haraka, kama mtu aliyezoea. Kisha tukasikia mlio kutoka kusini. Ndege ilishuka, ikagusa murram, ikavuta vumbi na kusimama mbele ya kibanda.

Mume wangu alinionyesha simu. Dakika kumi na tano na sekunde ishirini.

Nilitazama, nikingoja nitakachokiona. Rubani alishuka akajinyoosha. Wataalamu wawili waliokuwa wakisubiri chini ya kivuli walisogea. Abiria wengine walikuwa bado hawajafika kutoka ziwani, kwa hiyo watu walikaa tu, wakanunua mahindi. Hakuna aliyegusa masanduku. Hakuna gari lililokuja. Dakika zilienda, nami nikizisubiri zinionyeshe wizi, hazikuonyesha kitu.

Ilipofika saa tatu na dakika arobaini na tano bodaboda ilikuja kwa kasi. Mzee mwembamba, mrefu, alishuka kabla haijasimama sawasawa. Kofia yake ilikuwa mkononi, na kadi ya hospitali ilichungulia kwenye mfuko wa shati. Alienda moja kwa moja kwenye kibanda, akainama kuitazama saa ya ukutani, akaitazama ndege kupitia mlangoni, akaandika. Kisha akatoa simu.

Simu yangu ililia. Nilikuwa hatua kumi nyuma yake.

"Nyar Kuria, imetua," nilimsikia mara mbili, sikioni na hewani.

"Imetua saa ngapi, mzee?"

Aligeuka. Alinitazama mimi na simu yangu, kisha mume wangu, kisha simu yake mwenyewe. Akaishusha.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Alituletea kiti kimoja na debe lililopinduliwa, yeye akabaki amesimama. Hakujaribu kutafuta uongo, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Mke wake alikuwa na ugonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki alipelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, Jumanne na Ijumaa, siku zilezile za ndege. Jumanne binti yao alikuwa akija kutoka Mbita kumpeleka. Ijumaa binti alikuwa kazini, kwa hiyo alimpeleka yeye, akamshika mkono mpaka sindano ziingie, kwa sababu mke wake aliogopa zile sindano, halafu akakimbilia uwanjani. Mama wa mahindi alimshikia zamu ya ng'ombe.

"Lakini ungeweza kuandika tu robo saa," nilisema. "Hakuna ambaye angejua."

Alionekana kutoelewa swali. "Ningeandikaje saa ambayo sikuiona? Nikifika naiona ndege iko chini, naandika saa hiyo. Wewe uliniuliza, nikakuambia: hiyo ndiyo saa ninayoona hapa."

Alikuwa ameniambia kweli.

"Kwa sababu ya hizo saa kuna mtu amesimamishwa kazi," alisema mume wangu, kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwa wiki nyingi. "Rubani."

Mzee alikaa juu ya debe. Hakuwa amejua. Watu wa Kisumu walikuwa wamelichukua daftari lake bila kumwambia ni la nini, wakamletea jipya. Aliuliza kama huyo Kapteni ana watoto.

Nilifungua kijitabu changu, nikampitisha Ijumaa moja baada ya nyingine, naye akakubali kila moja. Ilibaki siku moja tu, Jumanne ya miezi iliyopita niliyoiongeza mwishoni baadaye, yenye dakika thelathini na nne. Alitikisa kichwa.

"Jumanne hiyo nilikuwa hapa. Hiyo niliiona ikitua kwa macho yangu."

Mume wangu alinitazama ili niache. Sikuacha, niliizungushia duara.

Kurudi Migori tulikuwa tukiongea tena. Yeye alikuwa amepona kabisa. Alikuwa amemwona mzee, akaona na kadi ya hospitali, ikatosha. Mimi nilikuwa na barua ya kuandika. Nikinyamaza, Kapteni anabaki mwizi. Nikisema, mzee anapoteza kazi inayomlipia nauli ya mke wake kwenda hospitali. Nilimpigia mzee Jumamosi jioni baada ya Sabato kuisha, nikamwambia ninakusudia kueleza yote, lakini kama angependa kusema mwenyewe kwanza, ningesubiri mpaka Jumatatu mchana. Alikohoa.

"Andika wewe," alisema. "Mwandiko wako ni mzuri."

Kapteni aliniambia maneno kama hayo. Sikujua kama mzee ananisifu au ananisuta.

Niliandika kurasa mbili. Nilieleza kuhusu mashine na sindano na binti wa Mbita, nikaomba wambadilishie siku au wampe msaidizi. Bosi alinijibu kwa sentensi tatu. Kapteni arudi kazini. Mzee apumzike. Asante kwa uangalifu wako. Mahali pa mzee Homa Bay waliweka msichana mmoja mwenye simu inayotuma picha ya ndege ikigusa chini, na saa inajiandika yenyewe.

Kapteni aliporudi alinisalimia kutoka mbali kwa kuinua kichwa. Hakunishika mkono tena. Baada ya wiki kadhaa nilijipa moyo, nikamwomba msamaha pale pale kwenye nyasi, akaupokea kwa adabu. Halafu, kwa kuwa sikuweza kujizuia, nikamuuliza kuhusu ile Jumanne.

Alifikiri. Au alijifanya kufikiri. "Kuna mtaalamu alitaka kukiona kisiwa cha Rusinga kutoka juu apige picha," alisema. "Tulizunguka. Nafikiri ndiyo siku hiyo."

Inawezekana. Nimewahi kuuliza kwa mbali ni mtaalamu gani, na kila mmoja alisema hakuwa yeye. Sikuliandika popote.

Mwaka huo kabla ya mvua za vuli tulimtembelea mzee nyumbani kwake, mimi na mume wangu, tukiwa na sukari, unga na mafuta ya kupikia. Nilikuwa nimeahirisha mara nyingi. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo, ziwa likionekana upande wa pili wa miti. Alitupokea kama wageni wa heshima. Mke wake alikuwa amekonda, mkono wake wa kushoto umevimba pale zinapoingia sindano, lakini alisimama mwenyewe kutusalimu, akanishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye nyar Kuria," alisema kwa Kiswahili cha pole pole. "Mzee ameniambia. Wewe ndiye uliyewaombea wakubwa wampe ruhusa akae na mimi. Sasa ananipeleka siku zote mbili, ananingojea mpaka mwisho. Ero kamano, asante sana. Mungu akuweke."

Nilimtazama mzee. Alikuwa ameinama akimimina chai, akihakikisha kila kikombe kimejaa sawa. Hakuinua uso. Nilingoja dalili yoyote, ya hasira au ya kunisamehe, hata ya kejeli, nisiione. Mume wangu alikuwa akitazama ziwa.

"Ahsante, mama," nilisema. Nikapokea kikombe kwa mikono miwili, nikanywa, na chai ilikuwa na maziwa mengi na sukari nyingi, kama wanavyompa mtu waliyemsubiri kwa muda mrefu.